Kuku bila antibiotiki za kila siku: kutoka bandani hadi kwenye moto wa muchomo

Nafuga kuku wa nyama Busia, upande wa Uganda, mia tatu kwa mkupuo. Wengi wao huishia kwa wachoma nyama, au muchomo kama tunavyoiita, wa kando ya barabara ya kwenda Jinja. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawapa vifaranga antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, tangu siku ya kwanza, wakiwa wazima kabisa, kwa sababu muuzaji wa dawa aliniambia ndivyo wafugaji wote wanavyofanya. Kisha ukaja mkupuo ulioanza kuhara na kukoroma. Nikawapa dawa ile ile, wakazidi kufa. Nikabadilisha dawa, wakazidi kufa. Daktari wa mifugo akachukua sampuli, na majibu ya maabara yakaonyesha E. coli, bakteria wa tumboni, asiyesikia dawa nne kati ya zile nilizozoea kununua. Mimi mwenyewe ndiye niliyewalea bakteria wale, mkupuo baada ya mkupuo, kwa pesa zangu.

Bakteria hao hawabaki bandani. Hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya, na siku ya kuchinja huingia kwenye nyama. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamekuta kwenye nguruwe, kwenye nyama ya dukani na kwa wagonjwa hospitalini kinasaba kinachowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba ya mwisho. Kinasaba hicho huruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kolistini hiyo hiyo wafugaji waliizoea kama dawa ya kuhara kwa kuku. Duniani, makadirio ya mwaka 2019 yalihesabu vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu.

Lakini lipo jambo moja lililonipa moyo, na mwongozo huu wote umesimama juu yake. Bakteria aliyezoea dawa hajazoea moto. Hajazoea siki, wala chumvi, wala ukavu, wala kukosa nafasi tumboni mwa kifaranga. Usugu wake ni wa dawa. Kwa hiyo silaha nyingi tunazohitaji tunazo tayari, ila lazima zitumike kwa utaratibu, kuanzia bandani.

Hatua ya 1: Ondoa dawa zisizo na mgonjwa

Usimpe kuku mzima antibiotiki ili akue haraka au "asije akaugua". Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na Sweden ilikuwa imetangulia mwaka 1986. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2017: dawa zinazohitajika kwa binadamu zisitumike kukuza mifugo, wala kuwakinga wanyama ambao hakuna ugonjwa kati yao.

Soma pakiti ya kila unachonunua. "Vitamini" nyingi za unga zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo zimechanganywa na oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki, na maandishi yake ni madogo. Ukiona jina linaloishia na -saiklini, -floksasini au -maisini, hiyo si vitamini peke yake.

Na ndugu zangu, tuache dawa za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka 2023 bunge letu lilielezwa kwamba wako wafugaji wanaowapa kuku na nguruwe dawa hizo kwa ajili ya mdondo (kideri, au Newcastle) na homa ya nguruwe. Zile ni dawa za mgonjwa anayezihitaji kila siku ya maisha yake, na nyama yenye mabaki yake tunakula sote.

Hatua ya 2: Chanja, maana virusi ndio wanaowafungulia bakteria mlango

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo hatua iliyopunguza gharama zangu za dawa kuliko nyingine zote.

Gumboro ni ugonjwa wa virusi. Hushambulia kiungo kidogo kilicho karibu na mkundu wa kuku, mahali ambapo kinga ya mwili ya kifaranga hujengwa. Kifaranga akipona, anabaki bila kinga nzuri, na E. coli wa kawaida anayeishi tumboni mwake siku zote anageuka muuaji. Mfugaji anaona kuhara na vifo, anakimbilia antibiotiki. Mdondo nao ni virusi, na hakuna antibiotiki inayoua virusi. Ukichanja, unakuwa umeziba tundu ambalo ungelimwagia dawa mwaka mzima. Norway walipoanza kuwachanja samaki wa kufugwa mwishoni mwa miaka ya 1980, matumizi yao ya antibiotiki kwa samaki yalishuka kwa zaidi ya asilimia 95 huku ufugaji ukizidi kukua.

Ratiba ninayofuata mimi kwa kuku wa nyama ni hii: siku ya 7 mdondo, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 mdondo tena, siku ya 28 gumboro tena. Daktari wako anaweza kuisogeza kulingana na kinga ambayo vifaranga wamerithi kwa mama zao na magonjwa ya eneo lako, kwa hiyo muulize kabla ya kuagiza vifaranga.

Chanjo nyingi huharibika mikononi mwetu wenyewe. Ibebe kwenye chombo chenye barafu, hata kama duka liko hatua hamsini. Usitumie maji ya bomba yenye klorini. Tumia maji safi ya mvua au ya kisima, na uweke gramu 2 hadi 3 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita kabla ya kumimina chanjo. Wanyime kuku maji kwa saa moja au mbili ili wawe na kiu, kisha wape chanjo asubuhi na mapema, vyombo viwe vingi ili hata wanyonge wafikie, na iishe ndani ya saa mbili. Siku hiyo vyombo visioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu.

Hatua ya 3: Hewa, joto na matandazo

Chuchumaa bandani mpaka pua yako iwe sawa na kichwa cha kuku. Kaa hapo dakika moja. Kama macho yanawasha, kuku wako wanavuta amonia, ile gesi kali ya kinyesi, mchana na usiku. Amonia huchoma ngozi laini ya koo lao, na hapo E. coli aliye kwenye vumbi hupenya hadi kwenye mapafu. Kukoroma kwingi tunakotibu kwa sindano kumeanzia kwenye kinyesi na matandazo yaliyolowa.

Sisi tunatandika maganda ya kahawa, na ni mazuri yakiwa makavu. Weka kina cha sentimita 5 hadi 8, yageuze kila siku mbili, na pale maji yanapomwagika chini ya vyombo toa yaliyolowa siku hiyo hiyo. Matandazo makavu hupunguza pia ule ugonjwa wa kuhara damu, ambao hausababishwi na bakteria, ingawa wengi huutibu kama wa bakteria. Usizidishe kuku 10 wakubwa kwa mita moja ya mraba. Najua ushawishi wa kuongeza ishirini zaidi Desemba inapokaribia. Nimewahi kuufuata, na hao ishirini walinigharimu kuliko walivyoniingizia.

Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Bila kipimajoto, waangalie wao: wakirundikana kwenye chungu cha makaa wanaona baridi, wakikimbilia ukutani na kuachama, joto limezidi. Ukitumia makaa acha tundu la hewa juu, kwa maana moshi wa makaa huua vifaranga na anayewalinda.

Mkupuo ukiisha, toa kila kitu. Osha kwa maji na sabuni kwanza, acha pakauke, ndipo upulize dawa ya kuua vijidudu. Dawa ikikutana na kinyesi inapoteza nguvu yake nyingi hapo. Acha banda tupu wiki mbili. Matandazo yaliyotoka usiyamwage moja kwa moja kwenye bustani ya mboga, ya sukuma au dodo. Yarundike, yafunike, yageuze mara kadhaa mpaka yachemke ndani na kupoa yenyewe.

Hatua ya 4: Jaza tumbo la kifaranga kabla adui hajafika

Kifaranga wa mashine hajawahi kumwona mama yake. Tumbo lake ni kama uwanja mtupu, na anayefika kwanza ndiye anayejenga. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kwamba vifaranga waliopewa bakteria kutoka kwenye utumbo wa kuku mkubwa mwenye afya hawakushikwa kirahisi na Salmonela, bakteria anayeharisha watu. Bakteria wema wanakamata nafasi na chakula, na wengine wao hutoa asidi inayomfukuza mgeni.

Usichukue kinyesi cha kuku mkubwa ukawapa vifaranga, tafadhali. Unaweza kuwapa pamoja nacho kila ugonjwa alionao. Ziko pakiti za bakteria wema zinazouzwa. Angalia tarehe ya mwisho, weka kwenye maji yasiyo na klorini, na usiwape pamoja na antibiotiki, maana utakuwa umewaua uliowanunua.

Njia yangu ya bei nafuu ni kuchachua chakula. Tangu wiki ya pili nachukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, naweka chakula, namimina maji mpaka kiwe kama uji mzito, nakoroga, nafunika bila kukaza. Baada ya siku moja hadi mbili kinanukia kama bushera, kile kinywaji chetu kichachu cha nafaka. Uchachu wake ni wa asidi ya laktiki, na kwenye uchachu huo Salmonela hupata shida kustawi. Nabakiza kikombe kimoja cha kuanzishia ndoo inayofuata. Kikinuka vibaya au kikiota ukungu wa kijani au mweusi, tupa chote, osha ndoo, anza upya. Na usichachue mahindi yaliyoota ukungu ukidhani yatapona: sumu ya ukungu haiondoki, na inashusha kinga ya kuku. Vihori visafishwe kila jioni.

Siki kwenye maji husaidia pia. Kijiko kimoja kikubwa cha siki kwa lita 4 za maji, siku tatu kwa wiki, kwenye vyombo vya plastiki kwa sababu chuma huliwa na asidi. Kuku wakipunguza kunywa, punguza siki. Siku ya chanjo, siki isionekane.

Hatua ya 5: Mimea, kwa kipimo chake

Naulizwa sana kuhusu kitunguu saumu, mshubiri, mwarobaini na pilipili. Pilipili ina jambo la kupendeza: ndege hawasikii ukali wake kama sisi, na kuna majaribio yaliyoonyesha kwamba inaweza kupunguza Salmonela kwa kuku. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa kiini kinachoua bakteria kwenye sahani ya maabara. Shida ni kwamba banda si sahani ya maabara. Majani ya mti huu na ule hayana nguvu sawa, na kipimo cha jirani si kipimo chako. Mimi nawapa kitunguu saumu kilichopondwa kwenye maji wakati wa mvua, lakini sijawahi kukiweka mahali pa chanjo, na nakuomba nawe usikiweke hapo. Mshubiri ukizidi unaharisha.

Hatua ya 6: Wakiugua kweli

Kuku mgonjwa ana haki ya kutibiwa. Watenge, ita daktari wa mifugo wa wilaya, peleka mmoja aliyekufa muda huo huo afunguliwe. Maabara ya chuo cha mifugo cha Makerere na kituo cha uchunguzi wa magonjwa ya mifugo cha Entebbe wanaweza kupima ni dawa ipi bakteria wako bado anaisikia. Ni gharama, lakini ilikuwa ndogo kuliko dawa tatu nilizowahi kununua kwa kubahatisha. Ukipewa dawa, maliza siku zote. Kisha soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuchinja, uziandike ukutani kwa chaki pamoja na tarehe. Mteja akija mapema na pesa mkononi, mwonyeshe ukuta.

Hatua ya 7: Siku ya kuchinja

Bakteria wengi hufika kwenye nyama siku hii, ndani ya nusu saa, na mlango wao mkubwa ni utumbo uliopasuka. Ondoa chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, lakini acha maji. Utumbo mtupu haupasuki ovyo. Usipitishe muda huo sana, kwani kuku mwenye njaa huanza kudonoa matandazo na kujaza kinyesi kwenye kile kifuko cha shingoni.

Chinja alfajiri. Acha damu ichuruzike kabisa kuku akiwa ananing'inia. Maji ya kunyonyolea yawe na joto la karibu nyuzi 60, na yabadilishwe mara kwa mara. Sufuria moja ya maji kwa kuku arobaini ni supu ya kinyesi inayowaambukiza wote. Mahali pa kunyonyoa pawe mbali na mahali pa kupasulia. Anayenyonyoa asipasue, na kama mko wawili tu, anawe kwa sabuni na kubadilisha kisu katikati ya kazi. Kata kuzunguka mkundu taratibu, toa matumbo yote kwa mkono mmoja bila kuyavuta kwa nguvu. Likipasuka, kuku huyo mweke pembeni, kata sehemu iliyochafuka uitupe. Kuifuta kwa kitambaa ni kuipaka kila mahali, na kitambaa hicho hicho kitampaka kuku anayefuata.

Baada ya hapo suuza kwa maji safi yanayotiririka, ndani na nje, kisha mning'inize adondoke.

Hatua ya 8: Siki, baridi, na kile tusichokigusa

Ulaya waliruhusu mwaka 2013 kunyunyizia asidi ya laktiki ya asilimia 2 hadi 5 kwenye ng'ombe aliyechinjwa ili kupunguza bakteria wa juu ya nyama. Sisi wadogo tunaweza kufuata njia hiyo kwa siki. Siki ya kawaida ya asilimia 5, vikombe viwili, changanya na vikombe vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Unapata kama asilimia 2. Weka kwenye chupa ya kupulizia, nyunyiza kuku mzima baada ya kusuuza, ndani na nje, acha idondoke. Ngozi inaweza kupauka kidogo, na wachomaji wangu hawajalalamikia ladha. Siki hupunguza bakteria, haiwamalizi. Kuku aliyechafuliwa vibaya hasafishiki kwa siki.

Kisha baridi. Bakteria kwenye joto la mwili wetu anaweza kujigawa mara mbili kila dakika 20, na mchana wa Busia una joto la kutosha kumlea. Nyama iwe chini ya nyuzi 5, au ndani ya sanduku lenye barafu, na boda inayoipeleka isimame njiani kidogo iwezekanavyo. Nyama isiyo na barafu isikae zaidi ya saa mbili.

Formalini isiguse nyama kamwe. Hofu iliyozuka Kampala mwaka 2018 kuhusu nyama iliyopakwa dawa ya kuhifadhia maiti wengi tunaikumbuka. Inafukuza nzi, na inamdhuru anayekula. Kwa nzi tumia wavu.

Kuna mengine ambayo bado hayajafika kwenye maduka yetu. Faji ni virusi wadogo wanaokula bakteria tu na hawamgusi mtu. Waligunduliwa miaka ya 1915 na 1917, na mwaka 2006 Marekani iliruhusu wanyunyiziwe kwenye nyama iliyo tayari kuliwa dhidi ya bakteria aitwaye Listeria. Nisini nayo hutolewa na bakteria wa maziwa na hutumika kuhifadhi vyakula. Nikiwaona hapa kwa bei ya mfugaji mdogo, nitakuwa wa kwanza kuwajaribu.

Hatua ya 9: Kwenye moto

Kwa mchoma nyama na kwa mama jikoni. Usimwoshe tena kuku kwenye karai la nyumbani. Matone yake yanaruka hadi kwenye vyombo na nyanya. Katakata kachumbari kwanza, ukamilishe, ufunike, ndipo umtoe kuku. Uwe na vibao viwili, kimoja cha nyama mbichi kisichogusa kitu kingine. Nyama ifike nyuzi 74 katikati, karibu na mfupa. Vipande vikubwa vya paja vichemshe kwanza dakika kadhaa kabla ya kuviweka kwenye makaa, kwani moto wa muchomo huunguza nje upesi na kuacha mfupa ukiwa mwekundu. Maji ya viungo yaliyolowekewa nyama mbichi yasipakwe kwenye nyama iliyoiva mpaka yachemshwe.

Na koleo. Nimesimama kwenye vibanda vingi nikaona koleo lile lile linaweka mbichi na kutoa iliyoiva, kazi yote ya wiki sita inarudi nyuma kwa mguso mmoja. Nunua mawili. Langu la nyama mbichi nimelifunga utepe mwekundu mpininoni, na yeyote anayenisaidia Jumamosi huambiwa hilo kabla hajashika kitu kingine.